Mota ya baiskeli: mtaji wa mwagizaji uko kwenye betri

MFANYABIASHARA wa Dar es Salaam anayefikiria kuingia katika biashara ya kufunga mota za umeme kwenye baiskeli za kawaida hushawishiwa kwanza na hesabu ya umeme, na hesabu hiyo kweli ni tamu. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10, ambayo ni saizi ya kawaida kwa mota ndogo ya wati 250, hubeba wati-saa 360, yaani zaidi kidogo ya theluthi ya uniti moja ya Luku. Ukijumlisha na unaopotea kwenye chaja, kuijaza betri hiyo kunakula kama uniti 0.42. Kwa viwango vilivyopangwa na EWURA mwaka 2016, ambapo uniti ya kundi la T1 iliwekwa sh. 292 na kufika kama sh. 356 baada ya kodi na tozo, kazi nzima inagharimu takriban sh. 150.

Kwa sh. 150 hizo, mpanda baiskeli anayesaidiana na mota kwa miguu yake hupata kama kilomita 30. Hiyo ni safari ya kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi Kariakoo na kurudi, na chenji inabaki. Pikipiki ya cc 125 kwa safari hiyo hiyo hunywa zaidi ya nusu lita ya petroli. Agosti 2022, bei ya kikomo ya petroli jijini ilipovuka sh. 3,400 kwa lita, safari hiyo ilimgharimu mwenye bodaboda si chini ya sh. 2,000 za mafuta peke yake.

Wengi huishia hapo katika kupiga hesabu, na mtaji wao huanza kupotea hapo hapo. Umeme ndiyo gharama ndogo kuliko zote katika baiskeli ya aina hii. Gharama kubwa ni betri, na mwenye duka ataulizwa na wateja wake kuhusu betri muda mrefu baada ya mota kusahaulika.

Chombo chenyewe si kigeni duniani. Yamaha ya Japani ilianza kuuza baiskeli yake ya PAS mwaka 1993, mota ikimsaidia mpandaji kadiri anavyokanyaga pedali, na China leo inakadiriwa kuwa na zaidi ya baiskeli milioni 300 za umeme. Kinachouzwa kwa ajili ya kubadilisha baiskeli ya kawaida ni seti: habu yenye mota ndani yake, kontrola inayogawa umeme, betri, chaja, kihisio kinachojua kama pedali zinazunguka, na mshiko wa kuongezea mwendo. Habu yenye gia za ndani ina uzito wa kilo 3 hivi, betri ya lithiamu kilo 2 na nusu, na vikorokoro vingine havifiki kilo 2. Vyote kwa pamoja havifikii uzito wa nusu debe la maji.

Habu hii ya gia inafaa zaidi kwa mazingira ya jiji kuliko ile nzito isiyo na gia, kwa sababu moja ya kibiashara. Betri ikimwishia mchuuzi pale Mtoni, gurudumu huzunguka bure kama la baiskeli yoyote, naye hukanyaga mpaka nyumbani. Ile isiyo na gia ni nzito na huwa na ukinzani hata ikizimwa, na mteja aliyehangaika nayo mara mbili hatarudi dukani kwa wema.

Kuhusu nguvu, wati 250 zinaweza kuonekana kichekesho kwa mtu aliyezoea pikipiki, lakini mtu mwenye afya njema hutoa wati 75 hadi 100 tu kwa kazi ya saa nzima. Chukua muuza mayai ambaye yeye, baiskeli na mzigo wake wana jumla ya kilo 130. Kupanda mwinuko wa asilimia 4, wa aina inayopatikana njia za Goba na Makongo, kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa kunahitaji kama wati 220. Kwa miguu peke yake hawezi kufika hata nusu ya mwendo huo, ndiyo maana hushuka na kusukuma. Akiwa na mota hupanda ameketi, trei zikiwa salama kwenye keria.

Mbeba mkaa anayetoka Mkuranga na magunia yake ni habari nyingine. Mzigo wake ni mkubwa mno kwa gia ndogo za nailoni zilizomo ndani ya habu hizi, ambazo huyeyuka meno mota ikichemka kwenye mlima mrefu. Muuzaji mwaminifu atamwambia hivyo kabla ya kupokea fedha yake.

Betri inavyokula faida

Chukulia kwamba betri nzuri ya lithiamu ya kawaida inamfikia mteja kwa sh. 400,000. Betri za namna hiyo huchajiwa mara 500 hivi kabla uwezo wake haujashuka hadi asilimia 80 ya ule wa mwanzo. Kwa kuwa masafa yanapungua polepole kadiri inavyozeeka, mwenye baiskeli atapata kama kilomita 13,000 kutoka kwake. Hiyo ni sh. 31 kwa kila kilomita, wakati umeme wenyewe ni sh. 5 kwa kilomita. Betri inamgharimu mara sita ya anacholipa Luku, ingawa haimdai kila siku na kwa hiyo haimuumi mpaka siku inapokufa.

Sasa chukulia mwagizaji mwingine aliyeleta betri ya sh. 250,000 yenye seli hafifu, inayokata tamaa baada ya kuchajiwa mara 200. Kilomita zake zitakuwa kama 5,500, na kila moja imegharimu sh. 45. Mteja aliyekwepa kulipa sh. 150,000 zaidi amelipa karibu nusu ya ziada kwa kila kilomita aliyosafiri.

Ipo aina ya tatu, ya lithiamu na fosfeti ya chuma. Ni nzito zaidi kwa umeme ule ule, lakini huvumilia joto vizuri zaidi na huchajiwa mara 1,500 au zaidi. Hata ikiuzwa sh. 500,000, ikidumu kwa kilomita 40,000 gharama yake inakuwa kama sh. 12 kwa kilomita. Kwa jiji ambalo nyuzi 32 za joto ni jambo la kawaida na betri inakaa juani kwenye keria kuanzia asubuhi, hii ndiyo inayostahili kuangaliwa kwanza na mwenye mtaji, hata kama picha zake kwenye orodha za viwanda hazivutii.

Aina hizi mbili zina hatari inayohusu duka lenyewe. Betri ya lithiamu ya kawaida ya volti 36 ina seli 10 zilizofuatana, na chaja yake hukoma kwenye volti 42. Ya fosfeti huwa na seli 12, na chaja yake hufika volti 43.8. Kwa nje chaja hizo zinafanana na pengine hata plagi ni moja. Ile ya volti 43.8 ikichomekwa kwenye betri ya seli 10, kila seli inasukumwa hadi volti 4.38 wakati kikomo chake ni 4.2, na kinachobaki kumlinda mwenye nyumba ni kadi ya ulinzi iliyomo ndani ya betri, kama ipo na kama ni nzima. Mwenye duka anayeuza aina zote mbili afunge plagi tofauti kabisa kwenye kila aina. Gharama yake ni ndogo sana.

Kadi hiyo ya ulinzi ndiyo inayokosekana mara nyingi katika betri zinazoundwa kwa seli za kompyuta za mkononi zilizochakaa. Kuunda betri kwa seli hizo kunawezekana. Zinahitajika kama 40, zipangwe nne nne katika safu 10. Lakini kila seli inapaswa kupimwa uwezo wake kwa kuijaza na kuimaliza, kwani safu moja dhaifu huzivuta zote tisa, na viunganishi vyake ni vya nikeli vinavyochomelewa kwa mashine ya kugusa, kwa sababu joto la chuma cha kulehemu huharibu seli. Fundi anayelehemu redio vizuri hajawa fundi wa betri kwa sababu hiyo tu. Jijini New York, mwaka 2023 pekee, moto uliosababishwa na betri za lithiamu uliua watu 18, na nyingi ya betri zilizolalamikiwa huko ni za baiskeli na vyombo vidogo kama hivyo. Nyumba za kupanga za Tandale na Tandika zina vyumba vyenye mlango mmoja, na baiskeli hulala ndani kwa kuogopa wezi. Betri ikiwaka usiku karibu na mlango huo, hakuna pa kutokea.

Betri za risasi, zile za kompyuta za akiba na king'ora, zinapatikana kila mahali na hazina vituko hivyo. Lakini tatu za volti 12 na ampea-saa 12 zina uzito wa kama kilo 12, hazipendi kumalizwa zaidi ya nusu, na zikilazimishwa kila siku hufa baada ya miezi michache. Aliyetaka chombo chepesi amerudi kwenye kubeba.

Rimu na breki

Barabara za pembezoni, kuanzia Bunju hadi Chamazi, bado zimejaa Phoenix za China na jamaa zake wa Kihindi, kama zilivyojaa Swala za Nabico katika miaka ya nyuma. Ni baiskeli imara, zenye keria ya kubeba mzigo, na mwagizaji wa mara ya kwanza hudhani kwamba soko lake liko tayari. Akishafungua kasha la kwanza hugundua kwamba habu za mota zina matundu 36 ya spoki, wakati baiskeli nyingi za jamii ya Phoenix zina rimu za matundu 32 mbele na 40 nyuma. Rimu ya zamani haifai tena.

Akiamua kuagiza magurudumu yaliyokwisha kufumwa, anakutana na jambo la pili. Gurudumu linaloandikwa inchi 28 katika orodha za viwanda vya mota kwa kawaida lina rimu ya milimita 622 mahali tairi inapokaa. Phoenix ya inchi 28 ina milimita 635. Tairi za duka la jirani hazitaingia, na mteja akipata pancha itakayochana tairi huko Mbande atalazimika kurudi kwa aliyemuuzia mota. Zaidi ya hayo, breki za fimbo za Phoenix hukamata rimu kwa upande wa ndani, na rimu mpya ndogo haifikiwi nazo. Baiskeli iliyoongezewa mwendo imepunguziwa breki moja.

Hata ile breki ya fimbo iliyobaki haitoshi. Mpira unaokamata chuma kilichopakwa kromu huteleza mvua ikinyesha, na hilo kila mpanda Phoenix analijua tangu utotoni. Tofauti ni kwamba zamani alikuwa anakwenda kilomita 12 kwa saa na sasa anakwenda 25. Mtu anayeuza mota bila kuuza breki anauza nusu ya kazi.

Kwa hiyo baiskeli inayofaa kuanzia ni ile ya mtumba ya aina ya maunteni, yenye tairi pana za inchi 26, rimu za alumini na breki zinazobana kwa pande mbili. Magurudumu ya mota ya inchi 26 mara nyingi huingia moja kwa moja. Baiskeli za mtumba za Kijapani za mjini, zile zenye kikapu, nazo huandikwa inchi 26, lakini nyingi zina rimu ya milimita 590 badala ya 559, kwa hiyo mtu asikubali maandishi ya ubavuni mwa tairi kabla ya kupima kwa futi.

Kazi iliyobaki ni ya fundi wa kawaida. Ekseli ya mota ina unene wa milimita 12 na imechongwa bapa pande mbili hadi milimita 10, hivyo mdomo wa uma wakati mwingine husuguliwa kwa tupa. Ekseli hiyo husukuma kwa nguvu kurudi nyuma kila mota inapovuta, na ikilegea hujizungusha, hukata waya zake na gurudumu hutoka. Kinachozuia ni kipande cha bamba la chuma cha milimita 5 au 6 kilichotobolewa kufuata umbo la ekseli na kufungwa kwenye uma. Karakana yoyote ya Gerezani inaweza kukitengeneza kabla ya chai ya saa nne. Seti nyingi za bei ya chini huja bila kipande hicho, au na kilicho chembamba kama kifuniko cha kopo.

Forodhani

Mwenye kuagiza azungumze na wakala wa forodha kabla ya kulipa kiwandani, maana mzigo huu hubadilika jina kufuatana na ulivyofungwa. Baiskeli isiyo na mota iko katika fungu la 8712 la orodha ya kimataifa ya forodha. Ikiwa na mota ya umeme inahamia 8711.60, pamoja na pikipiki. Mota ikija peke yake iko 8501, na betri ya lithiamu 8507.60. Mafungu hayo hayatozwi sawa, na juu yake ipo VAT ya asilimia 18. Mtu aliyepiga hesabu ya faida kwa ushuru wa baiskeli anaweza kujikuta bandarini na pikipiki.

Betri zenyewe ni bidhaa hatari ya daraja la 9 katika usafirishaji. Zinahitaji hati ya jaribio la Umoja wa Mataifa linaloitwa UN 38.3, na tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi katika ndege za abiria. Njia ya bahari ni ndefu, na muda huo nao ni gharama, kwani betri huzeeka hata ikiwa ndani ya kasha. Kasha likikwama miezi sita likiwa na betri zilizopakiwa tupu, baadhi hazitaamka tena. Kiwandani ziagizwe zikiwa zimejazwa kiasi, na zikifika zipimwe moja moja kabla ya kupangwa rafuni.

Kulimbikiza nako hakufai. Kwa mujibu wa takwimu za BloombergNEF, wastani wa bei ya betri za lithiamu duniani mwaka 2024 ulikuwa dola 115 kwa kila kilowati-saa, ukiwa umeshuka kwa asilimia 20 ndani ya mwaka mmoja. Kwa bei hiyo, betri ya wati-saa 360 ingekuwa kama dola 41. Bei hiyo ni ya wanunuzi wakubwa wa viwanda vya magari na mwenye duka la Manzese hataiona, lakini mwelekeo wake utamfikia, na aliyejaza stoo kwa bei ya jana atauza kwa bei ya kesho.

Nani abebe betri

Majirani wamelijibu swali hili kwa namna zao. Mjini Kigali, kampuni ya Ampersand, iliyoanza kazi ya pikipiki za umeme mwaka 2019, humwachia dereva pikipiki lakini betri hubaki kuwa mali ya kampuni. Dereva hulipia kila anapobadilisha iliyokwisha kwa iliyojaa. Mjini Jinja, Uganda, shirika la FABIO limechukua njia ya baiskeli kamili ya umeme, AfricroozE, iliyoundwa tangu mwanzo kwa ajili ya mizigo ya Afrika, badala ya kuhangaika na rimu za kila aina. Hapa Dar es Salaam, mradi wa SOLUTIONSplus uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya ulielekeza nguvu kwenye bajaji za umeme za kuwapeleka abiria vituo vya mwendokasi, na baiskeli ya mchuuzi imebaki kuwa kazi ya watu binafsi.

Mwenye mtaji mdogo hawezi kujenga vituo vya kubadilishia betri. Anachoweza ni kuuza kwa mkataba, kama bodaboda zinavyouzwa Temeke na Kinondoni: mpandaji analipa kidogo kidogo kila siku, na baada ya mwaka hivi chombo kinakuwa chake. Mchuuzi anayefanya kazi siku 26 kwa mwezi na kuchaji kila siku hutumia uniti 11 hivi kwa mwezi. Kwa mpangaji anayechangia mita moja ya Luku na vyumba vingine vitano, uniti hizo ni ugomvi na mwenye nyumba, hasa kama nyumba hiyo ilikuwa chini ya uniti 75 kwa mwezi na ikinufaika na bei ya chini ya kundi la D1. Wapo watakaochajia dukani kwa malipo kwa sababu hiyo tu, na betri inayolala dukani ni dhamana nzuri kuliko karatasi yoyote ya serikali ya mtaa.

Lakini mkataba una hesabu yake. Betri ya kuchajiwa mara 500 humfikisha mchuuzi huyo mwezi wa 19, miezi saba baada ya kumaliza deni. Ile ya mara 200 humfia kabla ya mwezi wa nane kwisha. Siku hiyo ataisukuma baiskeli mpaka mlangoni pa duka, ataiegemeza ukutani na kudai kwamba hawezi kulipia kitu kisichotembea. Mwenye duka atakuwa na mota nzima, rimu nzima, na zaidi ya miezi minne ya marejesho ambayo haitalipwa, pamoja na uchaguzi wa kununua betri nyingine kwa fedha yake au kuitafutia baiskeli hiyo mteja mwingine mtaani ambako habari zake zimekwisha kufika.